Mikono ya Jenista, Sura ya Ruti

Sehemu ya Tisa

“Ndiyo, Madamu. Niko tayari kuja hata kesho.”

Kwa maneno hayo tuliachana wiki iliyopita, na wapo wasomaji walionipigia simu kunitukana, kana kwamba ni mimi niliyemtuma Ruti aseme vile. Sikumtuma. Mimi nasimulia tu.

Jenista alikuwa amekaa sakafuni, ubavuni mwa meza, mahali ambapo kamera ya kompyuta haimfikii. Aliposikia sauti ya dada yake ikisema vile alidhani amesikia vibaya. Akamvuta gauni.

Ruti akausukuma ule mkono kwa mguu. Juu ya meza anatabasamu, chini ya meza anapiga teke.

“Nimefurahi sana,” alisema Madamu Karlota kutoka huko kwao Ureno. “Kazi yako nimeiona miaka mitatu, leo nimeuona na uso wako. Mkataba nautuma leo hii. Uuchukue ukaombee kibali cha kuja kukaa.”

“Asante, Madamu. Mungu akubariki.”

Kioo kikazima.

Kwa wewe uliyenunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nikudokeze upesi maana hatuna muda. Mwenye kazi ni Jenista. Miaka mitatu amejifungia kwenye chumba cha mtaa wa Sogea, hapa Tunduma, malori ya foleni yananguruma nje, yeye anasafisha picha za harusi za watu wa Ulaya. Anafuta chunusi za bibi harusi, ananyoosha tai ya bwana harusi, anamwondoa mlevi aliyejitokeza nyuma ya keki. Ana mkono mwepesi hadi Madamu alikuwa haamini kuwa anafanya peke yake.

Lakini mwenye jina ni Ruti. Jenista hana kitambulisho cha taifa. Siku maofisa walipokuja kuandikisha, mama yao mzazi, Enesi, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Ruti, alisema mwenyewe kwa kinywa chake kuwa huyu mdogo alizaliwa Nakonde, upande wa Zambia. Faili likapelekwa juu, na huko juu halijashuka mpaka leo. Bila kitambulisho husajili laini ya simu, hufungui akaunti, hupokei hela. Basi Jenista akaazima jina la dada yake, laini ya dada yake na picha ya dada yake, akaanza kazi.

Sasa Madamu anawataka wafanyakazi wake bora waende Ureno, waishi kule kwa kibali cha watu wanaofanya kazi kwa kompyuta popote walipo, hao wanaohama na kazi zao mgongoni kama konokono na nyumba yake. Jenista alijiandaa mwenzenu. Alinunua koti zito la mtumba. Alijizoeza kuhamahama na kompyuta, leo anafanyia kazi kwenye hoteli ya chai pale Vwawa, kesho kwa shangazi kule Ndalambo, bando la simu na eksteni mkononi. Begi lilikuwa limefungwa mwezi mzima chini ya kitanda.

Na asubuhi ya leo walikuwa wamekubaliana, tena wakaomba pamoja wameshikana mikono: Ruti aonyeshe uso wake kwanza, kisha amwambie Madamu ukweli, jina ni langu, kazi ni ya mdogo wangu. Jenista ajitokeze, aombe radhi, aombe na muda wa kutengeneza karatasi zake.

Haya. Umesikia mwenyewe Ruti alivyosema.

“Dada, umefanya nini?” Jenista alisimama.

“Nimejibu nilichoulizwa.”

“Tulikubaliana!”

“Ulikubaliana wewe.” Ruti alijitazama kwenye kioo cheusi cha kompyuta, akaweka nywele zake sawa. “Jenista, tuseme ukweli. Ningemwambia wewe ni nani? Mtu asiye na kitambulisho? Angetufukuza wote wawili. Bora aende mmoja.”

“Ukifika kule utafanya nini? Hata kukata picha hujui!”

“Wewe unajua.”

Nje dereva wa lori alipiga honi, mwenzake akamjibu kwa tusi.

“Mimi nitakuwa kule,” Ruti aliendelea, sauti imelainika sasa, sauti ya kumbembelezea mtoto anywe dawa. “Nitakwenda mikutanoni, nitacheka na Madamu. Picha nitakutumia hapa, usafishe, unirudishie. Mikono yako, sura yangu. Hela nitakukatia.”

“Utanikatia? Hela yangu?”

Ruti akageuka, na ule ulaini wote ukaisha. “Yako? Miaka mitatu umekula kwa jina langu, Jenista. Mimi nakaa juani nauza vocha, wewe unaitwa Ruti na Wazungu. Wanakushukuru kwa jina langu, wanakutakia Krismasi njema kwa jina langu. Siku ungeiba au ungekosea, angekamatwa nani? Leo jina na lenyewe linataka kula.”

Siwezi kukudanganya, msomaji. Neno hilo lilimchoma Jenista kwa sababu lilikuwa na kaukweli ndani yake. Lakini mtu akikuazima jembe, mahindi uliyolima ni yako.

“Sawa,” Jenista alisema. Akaivuta kompyuta. “Namwandikia Madamu sasa hivi. Namweleza yote, na picha za harusi ya mwisho namtumia na jina langu chini.”

Akaandika paswedi. Ikakataa. Akarudia polepole, herufi moja moja. Ikakataa. Kompyuta ikamwambia ingiza namba tuliyokutumia kwenye simu yako.

Akaikamata simu yake. Juu kabisa, pale penye alama ya mtandao, hapakuwa na kitu.

Ndipo mkoba wa Ruti ulipolia. Mlio mmoja mfupi wa ujumbe.

Ruti akafungua mkoba, akatoa simu mpya, akasoma. “Namba imekuja,” alisema. “Unaitaka?”

Lo! Kumbe asubuhi ile alipotoka akisema anakwenda kununua sukari ya chai, alipitia kwa wakala wa simu. Laini ni yake, kidole kilichoisajili ni chake. Akasema imepotea, akaweka kidole, akapewa nyingine, na kwa namba hiyo akaibadilisha na paswedi. Ile ya Jenista ikafa hapohapo, na hakugundua kwa sababu siku hiyo kompyuta ilikuwa inatumia intaneti ya jirani. Kisha akarudi nyumbani na sukari, akashika mikono ya mdogo wake, akafumba macho, akaomba.

Miaka mitatu yote ilikuwa ndani ya laini ile. Kazi, hela, maneno mazuri ya wateja, vyote.

“Mulamu!” Mlango ulifunguliwa bila hodi. Aliingia Gibson, mchumba wa Ruti, dalali wa kubadilisha kwacha pale mpakani, ambaye huwaita shemeji zake wote hivyo kwa Kibemba ili ajulikane ana watu pande zote. “Mulamu, mbona umenuna? Dada yako kapata, familia imepata. Kaa, fanya kazi, kula.”

“Wewe ulijua?”

“Mimi?” Gibson aliangalia dari. “Mimi nilishauri tu.”

“Basi nisikilizeni wote wawili.” Jenista alifunga kompyuta, akaikumbatia kifuani. “Sifanyi. Sifanyi hata picha moja. Madamu akileta harusi nyingine, Ruti aisafishe kwa huo uso wake. Tutaona.”

Uso wa Ruti ulibadilika. Hilo hakulipigia hesabu. Alizoea mdogo wake wa siku zote, wa kuombwa na kukubali.

“Unakwenda wapi?”

“Kwa mama. Tunakwenda Vwawa kwenye ofisi ya vitambulisho, anaapa, napata kitambulisho changu, na Madamu atanijua. Hata kama ni baada ya mwaka.”

Akatoka. Nyuma yake alimsikia Gibson akinong’ona, “Mwache aende. Mimi najua pa kupita.” Na Jenista, kwa hasira aliyokuwa nayo, hakusimama kusikiliza pa kupita penyewe ni wapi. Laiti angesimama.

*

Mama Ruti alikuwa mezani kwake sokoni, anapima maharage kwa kisado. Kutoka pale ukinyanyua macho unaiona Nakonde, mabati yake, minara yake ya simu, na watu wanaovuka kwenda na kurudi na vikapu kama wanaokwenda jikoni na kurudi sebuleni. Meza za jirani ni za akina mama wa kwaya moja naye. Mama huyu ni mzee wa kanisa. Sokoni wakigombania kipimo, husema twende kwa Mama Ruti, yeye hasemi uongo.

Jenista alimweleza kila kitu, pumzi zinamkata. Simu ya video, laini, Gibson.

Mama alisikiliza huku anachambua maharage. Hakushangaa. Hilo ndilo lililomshtua Jenista kwanza.

“Mwache dada yako aende,” mama alisema. “Hana bahati yule.”

“Na mimi nina bahati?”

“Wewe una akili.”

“Mama, sitaki kusifiwa. Nataka kesho twende Vwawa, ukaape. Useme nilizaliwa Nakonde kwa sababu ulikwenda kule kwa shughuli zako kama watu wote wa hapa, lakini mimi ni mtoto wa marehemu baba, Osea wa Igamba, upande wetu huu. Uape tu hivyo.”

“Siwezi kuapa.”

“Kwa nini? Mzee wa kanisa unaogopa kuapa kweli?”

Mama aliacha kuchambua. Akaangalia meza za jirani, kisha akahamia Kinyiha, chinichini, ili wateja wasisikie.

“Kweli siiogopi. Naogopa kuapa uongo.”

“Uongo gani?”

“Hukuzaliwa Nakonde, Jenista.”

Jenista alicheka. Ndiyo, alicheka, maana kuna wakati kinywa hakijui kifanye nini.

“Ulizaliwa Igamba,” mama alisema, macho yake kwenye maharage. “Kwa bibi yako, kahawa imechanua, nyumba nzima inanukia. Baba yako alichinja mbuzi. Aliyezaliwa Nakonde ni Ruti.”

“Mama...”

“Na Osea si baba yake. Nilikuwa binti, nafanya kazi dukani kwa mtu kule ng’ambo. Nikarudi nyumbani na mtoto mgongoni. Osea akanioa na mtoto wangu, akamwita wake, hakunisimanga hata siku moja. Ruti mwenyewe hajui.”

“Bamayo, ni shinga?” Mteja kutoka ng’ambo aliinama, akashika maharage, akauliza bei.

Mama akamtajia, akampimia, akapokea noti ya kwacha, akamwongezea konzi moja kama ilivyo desturi yake. Jenista alisimama akimtazama.

Mteja alipoondoka Jenista alisema, “Sasa kwa nini ulisema ni mimi?”

“Maofisa walikuwa wameshaambiwa na watu. Wanajua mmoja wa watoto wangu kazaliwa ng’ambo. Wakaniuliza, yupi? Na nyinyi wote wawili mmesimama mbele yangu. Nikakuonyesha wewe kwa kidole.”

“Mimi.”

“Wewe una baba! Una ukoo. Nilijua ndugu za Osea watakuja waseme, huyu ni damu yetu, na mambo yataisha. Ruti angesemewa na nani? Angeulizwa baba, ningejibu nini?”

Sasa sikia uchungu wa jambo hili. Hesabu ya mama ilikuwa nzuri, ila alisahau shamba. Osea alipokufa aliacha kahawa pale Igamba, na kaka yake Yesaya alikuwa ameshaiwekea jicho. Alipoitwa akamsemee mtoto wa marehemu, Yesaya aliona akimsemea mtoto, amemsemea na mrithi. Akajibu kuwa miguu inamuuma. Mpaka leo inamuuma, lakini kila msimu anachuma kahawa ile kwa miguu hiyohiyo.

Jenista aliikumbuka siku ile. Aliukumbuka na ule mkono wa mama ulivyonyooka kumwelekea. Wakati ule alidhani mama anasema kweli kwa sababu hawezi kusema uongo, na usiku alimtetea mama huyu mbele ya watu waliomlaumu. Alisema, bora mama mkweli kuliko kitambulisho.

“Nenda ukaseme sasa,” alimwambia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. “Mama, nenda useme ulikosea.”

“Nikisema nimedanganya serikali, wananifunga. Na Ruti anabaki mtu asiye na nchi.”

“Na mimi nimekuwa mtu wa nchi gani miaka yote hii?”

Mama alitia mkono kwenye maharage, akatoa kijiwe, akakitupa.

*

“Jenista ni nani hapa?”

Alikuwa ofisa wa uhamiaji, sare imenyooshwa, sauti ya kawaida ya mtu aliyetumwa kazi. Nyuma yake alisimama Gibson, ameingiza mikono mifukoni, anaangalia mbali kama mpita njia. Na nyuma ya Gibson, Ruti.

Ruti alikuwa amebeba begi la Jenista, lilelile la chini ya kitanda, lenye koti zito ndani.

Akina mama wa kwaya waliacha kupima.

“Ni mimi, afande.”

“Tumeletewa taarifa kuwa unaishi nchini bila uhalali. Una kitambulisho cha taifa?”

“Sina.”

“Cheti cha kuzaliwa?”

“Sina, afande.”

“Utafuatana nami ofisini kwa mahojiano.” Hakusema kwa ukali. Pengine angesema kwa ukali ingekuwa afadhali.

Ruti akasogea, akaliweka begi miguuni pa mdogo wake, akainama sikioni mwake. “Usiogope. Watakuvusha hapo tu, Nakonde si mbali. Gibson ana chumba kule. Kompyuta utakaa nayo, intaneti ya kule ni nzuri. Utafanya kazi tu, mdogo wangu. Huko hutakuwa na pengine pa kwenda.”

Umeona pa kupita penyewe? Jenista alijiandaa mwaka mzima kwenda kuishi na kufanya kazi ng’ambo. Na ng’ambo imemjia hadi mezani kwa mama yake, ng’ambo ya kuvuka kwa miguu, begi keshafungiwa na keshaletewa.

Ofisa alimgeukia mama. “Mama, wewe ndiye mzazi?”

“Ndiyo, baba.”

“Watu wote hapa wanasema wewe ni mkweli. Basi tusisumbuane. Huyu binti alizaliwa wapi?”

Jenista alimtazama mama yake. Hakumwomba kwa maneno, alimtazama tu, na mama alimwona, wakaonana vizuri kabisa. Mama akawaangalia akina mama wa kwaya. Akamwangalia Ruti.

“Nakonde, baba,” alisema.

Mara ya kwanza Jenista aliumia bila kujua. Mara hii ya pili alijua, na kitu ndani yake kilichokuwa kinamwambia vumilia, ni mama yako, kikanyamaza moja kwa moja. Akainama, akachukua begi, akalivaa mgongoni. Akafuta macho kwa kiganja.

“Twende, afande,” alisema. “Mimi sina ubishi. Ila kwa kuwa umeshafika, na mama yetu hasemi uongo, muulize na huyu alizaliwa wapi.” Akamnyooshea Ruti kidole, mkono umenyooka vilevile kama ule wa mama siku ile.

Ruti alicheka kwa sauti. “Mimi? Mimi nina kitambulisho, afande, hiki hapa! Ruti Osea, baba wa Igamba. Huyu ana wivu tu.” Akakitoa kwenye mkoba, akakiinua juu ili soko lote likione.

Ofisa akakipokea, akakigeuza. Kisha, kwa sababu ni kazi yake kuuliza, akamgeukia mama.

“Na huyu je, mama? Alizaliwa wapi?”

Kisado kilimponyoka mama mkononi. Maharage yakamwagika mezani, yakaporomoka hadi chini, na hakuna aliyeinama kuyaokota.

Gibson alitoa mikono mifukoni.

Ruti bado alikuwa anacheka, mpaka alipomtazama mama usoni. Kicheko kikamkauka.

“Mama,” alisema. “Si umjibu afande.”